Salsa mbichi ya nyumbani: kisu, blenda au kinu?

BintiPangani (Houston, Texas)

Habari zenu wapendwa. Naleta mada ya jikoni, wenye uzoefu naomba tusaidiane.

Mwisho wa mwezi huu wa tano kijana wangu anamaliza sekondari, na nyumbani tutakuwa na watu kama 40. Nusu ni ndugu na jamaa wa kwetu, hao watakula pilau kwa kachumbari yao na wala sina wasiwasi nao. Nusu nyingine ni majirani na wanafunzi wenzake, wengi wenye asili ya Meksiko. Hao ukiwawekea chipsi za mahindi bila salsa, ni sawa na kumwandalia mtu wa Pwani wali mkavu bila mchuzi. Salsa za chupa sitaki. Zimepikwa, siki imezidi, na nyanya zake hazina harufu ya nyanya. Nataka mbichi: ile ya kukatakata wanayoiita pico de gallo, na nyingine laini kidogo ya kuchovya.

Jumamosi iliyopita nilinunua kilo tatu za nyanya zile ndefu zenye umbo la yai, zimeiva sawasawa, nikazigawa mafungu matatu ya kilo moja moja. Kila fungu nikalitilia vitu vilevile: kitunguu cheupe kimoja kikubwa, pilipili mbili aina ya jalapeño, nusu fungu la giligilani, ndimu mbili, chumvi kijiko kimoja cha chai. Nilichobadilisha ni chombo tu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kisu. Nilitumia kama dakika 25 kukata kilo nzima vipande vidogo, kila kimoja kama punje nene ya hindi. Kisu butu kilinipotezea nyanya mbili za mwanzo: ganda linagoma, unakandamiza, nyama inapondeka na maji yote yanamwagika ubaoni. Nikasimama nikakinoa, na kuanzia hapo kazi ikawa ya raha. Bakuli lenyewe lilipendeza, nyekundu, nyeupe na kijani, ndiyo maana kule kwao wengine huiita salsa bandera, yaani salsa ya bendera. Ukitafuna, kila kitu unakionja chenyewe. Tatizo ni maji. Baada ya nusu saa vipande vilikuwa vinaogelea.

Blenda. Dakika tatu kazi imekwisha, ila sikuipenda hata kidogo. Nyanya mbichi ikizungushwa kwa kasi inaingiwa na hewa, basi ule wekundu wote ukageuka waridi na povu likajaa juu. Kitunguu ndicho kilichoniudhi zaidi. Kilitoa ukali wa kukwaruza koo na uchungu kwa mbali, kikafunika kila ladha nyingine. Giligilani ikanukia nyasi. Baada ya saa moja mchanganyiko ulijitenga: rojo juu, maji chini.

Kinu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipojifunza. Nina jirani, mama mmoja wa Puebla, Meksiko, ana molcajete aliyorithi kwa bibi yake. Ni kinu cha jiwe la volkano, kifupi, kipana, chenye miguu mitatu, na mchi wake ni jiwe linaloenea kwenye kiganja. Katikati pamelainika kwa miaka ya kusagia, lakini pembeni bado pana vitundu vinavyokamata ngozi ya pilipili isiteleze. Alinisimamia kama mama anavyomsimamia mwali. Kwanza chumvi ya mawe na punje moja ya kitunguu saumu, aliyoiongeza yeye. Hutwangi juu chini, unasukuma na kuzungusha, mpaka iwe rojo. Halafu pilipili, na hapo harufu ilipanda mpaka nikapiga chafya mbili. Nyanya zinakuja mwisho, moja moja, unaikandamiza inapasuka na kujichanganya na ile rojo iliyo chini. Kitunguu na giligilani havikuguswa na jiwe kabisa, alivikata kwa kisu akavichanganya mwishoni.

Ile salsa ilikuwa nzito, nyekundu kweli, haina povu, na ladha imeshikana. Ilizipita zile nyingine mbili kwa mbali. Lakini kinu kinabeba nyanya tatu au nne tu kwa mara moja. Kilo moja ilinichukua dakika 40 na mkono uliuma mpaka Jumapili.

Sasa kwa watu 40 nifanyeje? Na haya maji ya nyanya mnayadhibiti vipi?

---

Bi Tungule (Unguja)

Mwanangu, kwanza hongera kwa kijana, Mungu amzidishie.

Nakuuliza, chumvi umetia lini? Kama umeitia mwanzo, pamoja na vyote, ndiyo iliyovuta maji. Chumvi haiachi tungule, yaani nyanya, salama. Basi mwache avute, lakini avutie nje ya bakuli. Ukishakata, zitie tungule kwenye chujio, nyunyiza nusu kijiko cha chai kwa kilo, weka bakuli chini, ziache robo saa. Tikisa, usikamue. Ukikamua unapata ujiuji. Zikishachuja ndiyo uchanganye na vinginevyo, na ndimu uitie watu wakiwa wanaosha mikono, si kabla.

Kitunguu ndicho kinachowashinda wengi. Sisi wa kachumbari tumekizoea. Kikate vidogo, tia chumvi kijiko kizima, kifikiche kwa ncha za vidole taratibu mpaka ukisikie kimelegea na maji yake yameanza kutoka meupe. Suuza kwa maji baridi, mara ya pili suuza tena, kisha ndiyo ukikamue kwa kiganja. Kitabaki na utamu na mlio wake mdomoni, ule ukali wa kuchoma macho unakwenda na maji. Ukiruka hatua hii, salsa yako asubuhi inanuka kitunguu nyumba nzima.

Juu ya kinu, huyo mama wa Puebla kakufundisha haki. Lakini kwa watu 40 usijitese. Kinu kiachie pilipili na thomu (saumu) peke yao, hivyo ni vichache na ndivyo vinavyotaka kusagwa. Tungule zikatwe kwa kisu. Ukishasaga pilipili na thomu na chumvi, tia ndimu humohumo kinuni, suuzia kinu kwa ile ndimu, mimina juu ya tungule zilizokatwa. Hapo umepata ladha ya kinu kwenye kilo nne bila kutwanga kilo nne.

---

Kijana wa Kijitonyama

Shikamooni wakubwa. Samahani kwa swali la kizamani, hii pico de gallo na kachumbari si kitu kimoja? Vitu ni vilevile. Halafu mimi nina kinu cha mbao cha kutwangia saumu, kinafaa?

---

BintiPangani

Marahaba mdogo wangu. Ni ndugu wa karibu, tofauti iko kwenye kisu na kwenye sahani. Kachumbari unakata vipande vyembamba virefu au duara, kwa sababu inakaa pembeni ya wali na inaliwa kwa mkono au kijiko. Hii inakatwa vipande vidogo vinavyolingana, kwa sababu lazima ikae juu ya kipande cha chipsi au ndani ya taco, ule mkate mwembamba wa mahindi uliokunjwa, bila kudondoka. Kachumbari inaweza kukosa pilipili na ikabaki kachumbari. Hii bila pilipili jirani yangu haiiti salsa.

Na nyanya yenyewe ni mali ya kwao. Jina tomato limetoka kwenye Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na mpaka leo huyu mama hasemi tomate akimaanisha nyanya nyekundu, anasema jitomate. Tomate kwake ni kile kitunda cha kijani chenye ganda kama karatasi, kinachotengenezewa salsa ya kijani. Siku ya kwanza nilimletea nyanya akaniambia nimekosea, tukaelewana baada ya kuoneshana.

Kinu cha mbao kinafaa kwa saumu na pilipili, ila kitabaki na harufu ya pilipili siku zote, kwa hiyo kiweke kwa kazi hiyo tu. Ukipata cha jiwe, kabla ya kukitumia saga mchele mkavu ndani yake. Unga ukitoka wa kijivu, umwage, usage tena. Siku unga utakapotoka mweupe ndipo jiwe liko tayari, halitakupa mchanga kwenye meno. Kuna vinavyouzwa vimefinyangwa kwa saruji, na hivyo unga wake hauwi mweupe hata usage wiki nzima. Usivinunue.

---

Mkaa na Moto (Temeke)

Dada BintiPangani, blenda usiitupe. Umeinyima haki yake. Blenda haitaki nyanya mbichi, inataka nyanya iliyopita kwenye moto.

Mimi nauza mishikaki jioni, huu mwaka wa tisa, na kilichonishikia wateja ni pilipili ya nyanya za kuchoma. Nafanya hivi. Nyanya nzima, hazikatwi, hazipakwi mafuta, naziweka pembeni ya wavu wakati mkaa umeshatulia na kupata majivu meupe juu. Nazigeuza mpaka ganda lipasuke na kupata madoa meusi, na nikiminya kwa koleo nyanya inalegea. Kama dakika 10 mpaka 15. Kitunguu nakata nusu, nakilaza uso chini. Saumu nachoma na ganda lake, ikiiva inatoka yenyewe ukiminya, laini kama siagi. Pilipili nazo zinachomwa nzima, na hapo simama upande upepo unakotoka, maana moshi wake unakohoza mtaa mzima.

Halafu subiri zipoe. Hili nalisema kwa uchungu. Kuna siku nilikuwa na haraka, wateja wamejipanga, nikatia nyanya za moto kwenye blenda nikafunga. Mvuke ulirusha kifuniko na mkono wangu wa kushoto una alama mpaka leo. Zipoe kabisa, na usijaze zaidi ya nusu ya jagi.

Kusaga kwenyewe ni gusa-achia. Unagusa, unaachia, mara sita au saba basi. Ukiiacha inanguruma umepata juisi. Madoa meusi yaache, ndiyo ladha yenyewe, ila ganda lililokuwa mkaa mtupu libandue. Moto umeshapunguza maji, kitunguu kimeshatulia, povu halitakuwepo. Chumvi na ndimu mwisho.

Kwenu huko kama huna jiko la mkaa, kikaango cha chuma kikavu kabisa kinatosha. Kiache kipate moto mpaka kianze kutoa moshi kidogo ndipo uweke nyanya.

Pilipili yangu ni mbuzi. Kwa kilo mbili za nyanya natia moja, mbili kwa wale wazee wanaojiweza.

---

DaniaSafi (Nairobi)

Nimesomea teknolojia ya chakula, kwa hivyo mniruhusu nieleze kwa nini haya mnayosema yanafanya kazi, halafu niongeze onyo moja.

Kitunguu kikiwa kizima hakina ukali. Ukali unatengenezwa pale kisu kinapopasua chembe zake na vimeng'enya vikakutana na kemikali zenye salfa. Ukipasua chembe chache kwa kisu kikali, ukali ni kidogo. Blenda inapasua karibu zote, ndiyo maana dadangu ulipata ile ladha ya kukwaruza. Bi Tungule akisuuza anaondoa kile kilichokwisha kutengenezwa, na kaka wa Temeke akichoma anaviharibu vile vimeng'enya kwa joto kabla havijafanya kazi. Wote wako sawa, kila mmoja kwa njia yake. Wameksiko wenyewe wana neno la kuosha kitunguu hivi, desflemar.

Pilipili: watu wengi hutoa mbegu wakidhani ndizo kali. Ukali unatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, mbegu zenyewe zinapakwa tu. Ukitaka kupunguza, kwangua utando. Na msibadilishe jalapeño kwa pilipili mbuzi moja kwa moja. Kwa Scoville, kipimo cha ukali wa pilipili, jalapeño iko kati ya 2,500 na 8,000. Habanero, ambayo ni ndugu wa pilipili mbuzi, inaanzia 100,000 na kufika 350,000. Vaeni glavu. Zikiwashika mikononi, pakeni mafuta ya kupikia kwanza ndipo muoshe kwa sabuni, kwa sababu kinachowasha kinayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji.

Sasa onyo. Salsa mbichi haina hatua ya moto inayoua vijidudu, kwa hivyo usafi ndio kila kitu. Mwaka 2008 huko Marekani watu zaidi ya 1,400 waliugua salmonela. Mwanzo nyanya ndizo zilizoshukiwa, wakulima wakapata hasara kubwa, kisha uchunguzi ukaelekea kwenye pilipili za jalapeño na serrano. Osheni kila kitu kwa maji yanayotiririka kabla ya kukata, hata kile mtakachomenya. Dania, yaani giligilani, ioshwe jani kwa jani kwenye bakuli la maji, mbadilishe maji mpaka mchanga usionekane chini. Ubao wa nyama usiguse salsa.

Kwenye meza isikae zaidi ya saa mbili, na kama ni nje kwenye joto linalozidi nyuzi 32, saa moja. Houston mwisho wa mwezi wa tano, hesabu saa moja. Kwenye friji inakaa siku tatu au nne, ingawa ya kukatakata huwa imeshapoteza mlio kesho yake.

Na mtu asije akaijaza kwenye chupa, akafunga na kuweka kabatini kwa sababu nyanya "ina asidi". Nyanya ziko karibu sana na mpaka, ambao ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, ikipanda asidi imepungua), na ukiongeza kitunguu, pilipili na saumu asidi inapungua. Juu ya kipimo hicho, ndani ya chupa isiyo na hewa, bakteria wa botulini wanaweza kutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Anayetaka kuhifadhi kwenye chupa afuate kipimo kilichopimwa maabara, asikadirie. Ya kwetu tuile ikiwa mbichi.

---

Maskati wa Zamani (Muscat)

Assalaam alaykum. Mie nimesoma nikacheka kwa furaha, maana huku tunakula kitu hiki kila Ijumaa bila kujua kama kina ndugu Meksiko. Kwenye mikahawa ya Wayemeni ukiagiza mandi, wali wao wa nyama, unaletewa sahawiq: tungule mbichi, pilipili mbichi, thomu, kotmiri (hiyo giligilani yenu), chumvi, na bizari nyembamba kidogo iliyokaangwa kavu. Imesagwa, lakini si laini, ukiitazama unaona vipande vya ngozi. Zamani ikisagwa kwa jiwe juu ya jiwe, sasa wengi ni blenda.

Mke wangu ana namna yake ya kuikwepa ile waridi na povu. Hatumii blenda wala kinu, anatumia kile chuma cha kukwangulia karoti. Tungule anaikata kati, anaikwangua upande wa nyama, ganda linabaki mkononi analitupa. Tungule kumi ni dakika tano. Inatoka nzito, nyekundu, haina hewa. Thomu na pilipili anazitwanga pembeni. Ijaribu kwa ile yako ya kuchovya.

---

Mkulima wa Hai

Kwa heshima zote Bi Tungule, hayo maji yanayochuruzika msiyamwage. Ule ute unaozunguka mbegu ndio wenye utamu mwingi wa nyanya kuliko hata nyama yake. Ukitoa mbegu na ute wote ukabaki na ganda na nyama, umebaki na rangi. Chujeni, sawa, lakini vijiko vitatu au vinne virudi bakulini pamoja na ndimu. Yanayobaki yaingie kwenye pilau.

Na dawa ya maji inaanzia sokoni. Nyanya kubwa za duara zina vyumba vingi na maji mengi. Mimi nimelima Cal J na Rio Grande, zote zina umbo la yai au la mstatili, nyama nene, vyumba vichache. Hizo ndizo za kukata. Nyanya nyingi tunazivuna zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi ili zistahimili safari, kwa hiyo ukizinunua ngumu, ziache mezani siku mbili tatu, zisipangwe moja juu ya nyingine. Friji hapana. Baridi inaua harufu ya nyanya, na haiwi ileile hata ukiitoa.

---

Bi Tungule

Mkulima, kweli kabisa. Kwetu hatuyamwagi, tunayanywa na ndimu na chembe ya chumvi, anayekata ndiye mwenye haki nayo. Vijiko vitatu kurudi bakulini nimekubali.

---

BintiPangani

Nimerudi. Jana jioni nimejaribu yote mliyosema, leo naandika mkono ukiwa bado unanuka saumu.

Kuchuja: kilo moja ilitoa maji karibu nusu kikombe cha chai kwa robo saa. Nilirudisha vijiko vinne kama alivyosema Mkulima. Nikaacha bakuli moja lenye maji hayo na jingine lisilo nayo, na tofauti niliionja wazi. Lile lisilo nayo lilikuwa na mlio lakini limepooza. Baada ya saa nzima lililorudishiwa bado halijaanza kuogelea.

Kitunguu: nimekifikicha, nimekisuuza mara mbili. Mwanangu hali kitunguu kibichi tangu utoto, jana amekula.

Kukwangua: Kaka wa Maskati, mwambie shemeji ahsante sana. Hii sikuijua kabisa. Inakaribia ya kinu kwa uzito, na kilo moja haikufika dakika kumi.

Kuchoma: nilitumia kikaango cha chuma. Moshi wa pilipili uliliza kengele ya moto, nikafungua madirisha yote. Jirani wa Puebla alisikia harufu akaja mwenyewe mlangoni, akasema kwao wanachoma hivyohivyo kwenye comal, sinia lao la kuokea mikate ya mahindi. Alionja, akaniambia niongeze chumvi, nikaongeza, akachukua bakuli dogo akaenda nalo kwake.

Basi nimeamua hivi. Kilo nne ni za kisu, zitachujwa, kitunguu kitafikichwa, pilipili na saumu zitasagwa kinuni na kusuuziwa na ndimu. Kilo mbili ni za kuchoma na blenda ya gusa-achia, hizo nitazichoma usiku wa kuamkia shughuli, zipoe, zilale kwenye friji, kwa sababu zinazidi kukolea zikilala. Ya kukwangua nitafanya kidogo, isiyo na pilipili, kwa ajili ya wazee na watoto. Giligilani nitaikata asubuhi ileile na vikonyo vyake vyembamba, vina harufu kuliko majani. Kuna shemeji yangu anayeionja kama sabuni, wapo watu walioumbwa hivyo, bakuli lake litakuwa pembeni.

Mezani nitaweka mabakuli madogo manne na kuyajaza upya kutoka kwenye friji, nisiweke beseni moja likakaa juani. DaniaSafi, hilo la saa moja nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika mlangoni pa friji, ili dada zangu wote walione.

Swali langu la mwisho. Maembe yamejaa madukani huku sasa, magumu kidogo, yamebadilika rangi upande mmoja. Yanaingia kwenye ile ya kisu?

---

Bi Tungule

Yanaingia, lakini si pamoja na tungule. Fanya bakuli lake. Embe lililoanza kuiva lakini bado linakatika kwa mlio, kitunguu kilichofikichwa, pilipili ya kinu, kotmiri, ndimu nusu ya ile ya tungule maana embe lina ukali wake. Chumvi iwe chache, uionje baada ya robo saa ndipo uongeze. Liweke karibu na samaki kama mna samaki.

---

BintiPangani

Samaki wapo, changu watatu wakubwa. Nimeshaagiza maembe sita.